Neno "shall" lisituharibie sheria za Kiswahili

Katika Kiingereza kuna neno dogo, shall, ambalo mwanafunzi wa Afrika Mashariki hukutana nalo mapema na kuambiwa kuwa halina matata. Linaonyesha wakati ujao, basi. Mwalimu mkali kidogo huongeza kanuni: nafsi ya kwanza hutumia shall, nafsi nyingine hutumia will, na ukiyabadilisha maneno hayo unakuwa umeahidi au umeamuru. Kanuni hiyo iliandikwa mwaka 1653 na John Wallis, mtaalamu wa hesabu aliyetunga sarufi ya Kiingereza kwa lugha ya Kilatini. Imekaririshwa madarasani kwa vizazi vingi huku Waingereza wengi wakisema wanavyotaka. Siku hizi katika mazungumzo yao neno hili limebaki kwenye maswali kama "Shall we go?", ambalo Kiswahili chake ni "Twende?" tu. Linakotawala bado ni kwenye sheria, katiba na mikataba, na huko ndiko linakotuhusu. Tanzania imekwisha kuamua kwamba lugha ya sheria ni Kiswahili, kwa hiyo yuko mtu mezani anayelikuta neno hili katika maandishi ya Kiingereza na kutakiwa aliandike upya. Mara nyingi huandika "-ta-". Naona anakosea, na kosa lenyewe linagusa haki za watu kuliko linavyogusa ufasaha wa lugha.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Katika Kiingereza cha kale lilihusu kudaiwa: aliyesemewa shall alikuwa na deni, la mali au la tendo. Maana hiyo ya deni ndiyo iliyowapendeza wanasheria, na wangeishia hapo pasingekuwa na shida. Hawakuishia hapo. Katika sheria ileile moja, kifungu kimoja hutumia shall kumtaka waziri achapishe kanuni, na huo ni wajibu wa mtu anayejulikana. Kifungu cha pili hulitumia kusema kwamba bodi ina wajumbe tisa. Hapo haamriwi mtu, sheria inatamka tu. Kifungu cha tatu hulitumia kwa mtu "atakayevunja" masharti, yaani linaeleza tukio ambalo huenda lisitokee kabisa. Kifungu cha nne kinaipa sheria jina lake, kana kwamba jina linahitaji kuamriwa. Cha tano kinasema hakuna mtu ambaye shall kuingia eneo fulani. Ukikisoma kwa mantiki kali, hicho kinasema hakuna mwenye wajibu wa kuingia, na kutokuwa na wajibu wa kuingia si sawa na kukatazwa kuingia. Msomaji mwenye nia njema huelewa lililokusudiwa. Ila sheria haiandikwi kwa ajili ya msomaji mwenye nia njema peke yake. Huandikwa zaidi kwa ajili ya anayetafuta mwanya.

Mwanya huo una gharama, na kisa cha Castle Rock, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, kinaonyesha gharama hiyo inaweza kufika wapi. Mwezi Juni 1999 Jessica Gonzales alikuwa na amri ya mahakama inayomzuia mumewe, waliyekuwa wametengana, kumkaribia yeye na watoto. Mume akawachukua mabinti wao watatu. Mama akawapigia polisi simu mara kadhaa usiku ule, akaenda hadi kituoni, akaambiwa asubiri. Alfajiri mwanamume huyo alifika kituoni na bunduki, akafyatua risasi, polisi wakamuua. Miili ya watoto wote watatu ikakutwa ndani ya gari lake. Sheria ya Colorado ilisema polisi shall kutumia kila njia ya busara kuitekeleza amri ya aina hiyo, na shall kumkamata anayeivunja. Mama alishtaki. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 7 dhidi ya 2, ilisema kwamba neno hilo halikuondoa hiari ya siku zote ya polisi kuamua wachukue hatua lini na vipi, na kwamba mama hakuwa na haki ya kikatiba ya kudai amri yake itekelezwe. Mwaka 2011 Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ikaamua kwamba Marekani ilikiuka haki za mama huyo na wanawe. Uamuzi huo ulikuja watoto wakiwa wamezikwa miaka 12.

Wala haikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ile kulipunguzia neno hili uzito. Miaka kumi kabla, katika shauri la Gutierrez de Martinez dhidi ya Lamagno, ilikiri kwamba waandishi wa sheria wakati mwingine hulitumia shall, au hulitumia vibaya, wakikusudia "inafaa", "ita-" au hata "anaweza". Neno linaloweza kumaanisha lazima na hiari kwa pamoja haliwezi kubeba amri. Wamarekani wenyewe walilikubali hilo walipoandika upya kanuni za mwenendo wa kesi za madai katika mahakama za shirikisho mwaka 2007: waliliondoa shall na kuweka must, may au should, kila moja mahali pake. Waandishi wa miswada wa Bunge la Uingereza nao wanashauriwa kuliepuka. Afrika Kusini iliwatangulia wote wawili: Katiba yake ya mwaka 1996 inaamuru kwa must.

Kwetu huku mfano mkubwa uko Kenya. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 27 na ya 81, inasema kwa shall kwamba dola ichukue hatua ili wa jinsia moja wasizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Uchaguzi wa kwanza chini ya Katiba hiyo ulipokaribia, swali lilipelekwa Mahakama ya Juu: je, kanuni hii inaanza kazi sasa au pole pole? Tarehe 11 Desemba 2012 majaji walio wengi walishauri kwamba ni pole pole, na wakatoa muda hadi tarehe 27 Agosti 2015 sheria ya kuitekeleza iwe imetungwa. Walilijadili neno lenyewe. Kwa maoni yao shall huwa amri ya papo hapo pale tu ambapo jambo linaloamriwa liko tayari kutekelezwa bila kuhitaji maandalizi mengine. Jaji Mkuu Willy Mutunga alipingana nao. Kwake kanuni ile ilikuwa inafanya kazi tangu uchaguzi uleule uliokuwa mlangoni. Tazama basi: watu wenye elimu ileile, wakisoma maandishi yaleyale, wametofautiana kuhusu miaka. Huwezi kuwalaumu majaji peke yao. Aliyeandika Ibara ya 81 hakusema ni nani anadaiwa, wala lini, wala nini kifanyike endapo wapiga kura watachagua vinginevyo.

Mambo hayakuishia hapo. Bunge halikutunga sheria. Machi 2017 Mahakama Kuu ililipatia muda wa siku 60, nazo zikapita. Ibara ya 261 inaeleza hatua inayofuata, na humo shall imewekwa mara mbili katika sentensi moja: Jaji Mkuu shall kumshauri Rais alivunje Bunge, na Rais shall kulivunja. Tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alilisoma neno hilo kama deni, akalipa lake kwa kumwandikia Rais Uhuru Kenyatta. Upande wa pili haukulipa. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ikausimamisha ushauri ule wakati mashauri ya kuupinga yakiendelea, na Bunge likamaliza muhula wake mwaka 2022 bila kuguswa. Sentensi moja, neno moja, watu wawili, na matokeo mawili yasiyofanana hata kidogo.

Kuna atakayesema Tanzania ililimaliza suala hili zamani. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inaeleza katika kifungu cha 53 kwamba may inaashiria hiari, na kwamba shall ikitumika kumpa mtu jukumu, jukumu hilo lazima litekelezwe. (Inachekesha kidogo kwamba maandishi ya Kiingereza ya kifungu hicho yanatumia shall kueleza shall.) Ingekuwa kufafanua kunatosha, mjadala ungekufa hapo. Lakini katika rufaa ya Bahati Makeja dhidi ya Jamhuri, rufaa ya jinai namba 118 ya mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba shall iliyomo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai si ya lazima kwa namna ile ya kifungu cha 53. Inategemea mazingira, na inasomwa chini ya kifungu cha 388, kama kilivyokuwa kikihesabiwa wakati huo, kinachotaka kwanza kuulizwe kama kosa la kiutaratibu limesababisha dhuluma. Uamuzi huo una busara yake. Haifai kesi ya mauaji ifutwe kwa sababu jaji alisahau sentensi ambayo wakili wa mshtakiwa alikuwa anaijua. Ninachosema ni kwamba mtu asiye mwanasheria akifungua sheria ile na Sura ya 1 sambamba, ataamini jambo moja, na mahakama itakuwa imeamua jingine. Ufafanuzi uliowekwa katika sheria nyingine, kabati nyingine, hauokoi neno ambalo limeshachoka.

Sasa tuje kwenye Kiswahili. Februari 2021 Rais John Magufuli, akiwa Dodoma katika Siku ya Sheria, alimpandisha Jaji Zephrine Galeba hadi Mahakama ya Rufani na kumsifu kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili. Mwaka huohuo Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, Namba 1, ikageuza utaratibu: Kiswahili kikawa lugha ya sheria, na sheria zilizokuwepo zikapaswa kutafsiriwa. Hiyo ni fursa ambayo Kenya haikujipa, kwa kuwa Ibara ya 259 ya Katiba yake inasema nakala za lugha tofauti zikigongana, ya Kiingereza ndiyo inayoshinda. Tanzania inaweza kuandika upya bila kubeba mzigo wa mtu mwingine. Hofu yangu ni kwamba mzigo umeshapakiwa. Hata Katiba ya mwaka 1977, ambayo ilizaliwa kwa Kiswahili, inasema katika Ibara ya 33 kwamba kutakuwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano, na katika Ibara ya 11 kwamba mamlaka ya nchi itaweka utaratibu wa kufanikisha haki ya mtu kufanya kazi na kujipatia elimu. Hiyo ni "-ta-" ileile katika sehemu zote mbili. Ya kwanza ni tamko ambalo mtu hawezi kulipuuza. Ya pili, kwa mujibu wa Ibara ya 7, haiwezi hata kupelekwa mahakamani. Mwananchi anayesoma Ibara ya 11 peke yake ana haki ya kudhani ameahidiwa kitu.

Shuka kutoka Katiba hadi duka la vifaa vya ofisini, ununue fomu ya mkataba wa pango. "Mpangaji atalipa kodi ya miezi sita mbele." Huo ni wajibu, na mwenye nyumba hana shaka nao. "Mkataba huu utakwisha tarehe 31 Desemba." Huo ni ukweli wa kalenda. "Endapo mpangaji atachelewa kulipa" ni jambo la kubahatisha. "Mwenye nyumba atafanya matengenezo ya paa na mabomba." Hapo ndipo penye mgogoro wote. Mpangaji ameisoma kama ile ya kwanza. Mwenye nyumba, mvua za masika zikianza na dari ikivuja, anaisoma kama ahadi ya siku fulani isiyotajwa, siku ambayo fundi atapatikana na hela zitakuwepo. Maandishi yanamruhusu. Ukitaka kuona kwamba Kiswahili hakina upungufu wowote hapa, tazama mtu anapokusudia kweli kuamuru. Aliyechoka na takataka kwenye ukuta wake haandiki "Mtu hatatupa taka hapa." Anaandika "Ni marufuku kutupa taka hapa", na chini yake kiasi cha faini. Waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili, walipofika kwenye makatazo ya amri kumi, ambayo Kiingereza cha mwaka 1611 kiliyaandika kwa shalt not, umbo la kale la shall not, hawakutumia wakati ujao; walitumia kikatazo cha kawaida, "usi-", ambacho hata mtoto anakijua. Lugha ina "lazima", "ni wajibu wa", "anatakiwa", "ni marufuku", "haruhusiwi", "anaweza", "ana hiari ya". Kila moja lina kiwango chake cha ukali na watu wanakijua bila kufundishwa.

Pingamizi la kwanza la kweli linatoka ndani ya lugha yenyewe. Mzungumzaji yeyote atakwambia kwamba "-ta-" huamuru pia. Mama anayesema "Utaosha vyombo kwanza, halafu utakwenda kucheza" hatabiri. Ni kweli, na ni amri kali kuliko "osha vyombo". Lakini amri ile inasimama kwa sababu ya sauti, uso, na fimbo inayojulikana ilipo. Karatasi haina sauti. Kinachobaki kwenye karatasi ni wakati ujao mtupu, na hapo mwenye nguvu huchagua kusikia anachotaka. Isitoshe, mtoto yule anajua amri ni yake. Sheria nyingi zenye "itafanyika" na "zitatolewa" hazisemi ni nani atafanya wala nani atatoa. Ubaya wa "-ta-" huongezeka mara mbili inapokutana na kitenzi cha kutendwa, na ofisi zetu zinapenda sana ndoa hiyo.

Pingamizi la pili ni la heshima: "lazima" ni neno la kufokea, na haipendezi kumwandikia Rais au Bunge kwa lugha ya mgambo. Sioni uzito wake. Wakati huohuo wa kuogopa kumfokea Rais, sheria zetu za kodi humfokea mwuza mitumba bila haya. Kama neno ni kali mno kwa mwenye madaraka, basi swali ni kwa nini lisiwe kali kwa asiye nayo. Na anayependa upole ana "ana wajibu wa", ambalo ni la heshima kabisa na halina utata.

La tatu ndilo zito. Neno, wanasema, halijamlazimisha mwanasiasa popote. Hata Ibara ya 261 ya Kenya ingeandikwa kwa wino mwekundu, Bunge lisingevunjwa. Nakubali sehemu kubwa ya hoja hii. Nguvu ya sheria hutoka kwa watu na taasisi, na must nayo ikitumiwa ovyo kwa kila kitu itachoka kama mwenzake. Ila angalia Afrika Kusini. Tarehe 31 Machi 2016, katika shauri la fedha za umma zilizotumika kwenye makazi ya Rais Jacob Zuma huko Nkandla, Mahakama ya Katiba ilisema kwamba Rais na Bunge walikiuka Katiba. Vifungu ilivyovitegemea, kama cha 83 kuhusu Rais, cha 55 kuhusu Bunge na cha 181 kuhusu ulinzi wa taasisi huru, vimeandikwa kwa must. Mwezi Septemba mwaka huo Zuma alilipa zaidi ya randi milioni 7.8. Sidai kwamba neno ndilo lililomtoa fedha mfukoni. Mahakama jasiri na wapinzani wakali walihusika zaidi. Ninachodai ni kidogo: hakuna wakili aliyepata nafasi ya kusimama pale na kusema kwamba must ya kifungu hiki huenda ilikusudia "pole pole". Mlango mmoja wa kutorokea ulikuwa umefungwa kabla kesi haijaanza, tena kwa gharama ya herufi nne.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaotafsiri sheria ni jepesi kulisema ingawa litawachosha kulitenda. Kila mkikuta shall, msiitafsiri kwanza. Ulizeni nani anadaiwa nini, na nani, hadi lini. Majibu yakipatikana, andikeni "lazima" au "ana wajibu wa" na mumtaje mdaiwa kwa cheo chake. Ikiwa sheria inatamka tu, andikeni kwa wakati uliopo: bodi ina wajumbe tisa, sheria hii inaitwa hivi. Ikiwa ni sharti, Kiswahili kina "-ki-" na "endapo". "-ta-" ibaki kwa mambo ambayo kweli yatakuja, kama tarehe ya sheria kuanza kutumika. Na mkikuta kifungu ambacho hakimdai mtu yeyote, mrudishieni waziri mwenye muswada, kwa sababu hilo si tatizo la tafsiri tena. Nawe msomaji unayekaribia kusaini mkataba wa pango, wa kazi au wa mkopo, chukua kalamu uzungushie kila "-ta-" inayomhusu mwenzako, kisha mwombe aandike pembeni "ana wajibu", pamoja na tarehe. Akikataa, utakuwa umejua maana ya kifungu hicho kabla hujatoa hela.